Acheni kutuletea takwimu nusunusu kuhusu polisi wa Marekani!

Wakuu, nimechoka. Kila mtu mweusi akipigwa risasi na polisi kule Marekani, hakosekani wa kuturushia ile picha ya "polisi wanaua wazungu wengi kuliko weusi", na chini yake watu wanashangilia eti namba hazidanganyi. Mwaka 2020 Donald Trump, akiwa rais, alimjibu mwandishi wa televisheni ya CBS vivyo hivyo. Idadi yenyewe ni ya kweli, na hapo ndipo ninapopandwa na hasira, maana inatumika kuficha.

Wazungu wasio Walatino ni takribani asilimia 60 ya Wamarekani. Weusi ni kama 13 tu. Tangu 2015 gazeti la Washington Post lilianza kuhesabu waliouawa kwa risasi za polisi, karibu watu 1,000 kila mwaka. Kati ya wale ambao rangi yao ilijulikana, kama nusu ni wazungu na zaidi ya robo ni weusi. Asilimia 13 ya watu, robo ya maiti! Gawanya kwa idadi ya watu uone: mweusi yuko kwenye hatari zaidi ya mara mbili ya mzungu. Kugawanya tu jamani, ndiko kunakowashinda?

Ukimbana mtu hapo, anahama. "Usiangalie idadi ya watu, angalia wanaofanya uhalifu." Utetezi huo ulishafika mahakamani New York ukaanguka.

Mwaka 2011 peke yake polisi wa jiji lile walisimamisha watu mitaani zaidi ya mara 685,000, wengi mno wakiwa weusi na Walatino. Meya Michael Bloomberg akasema tulinganishe na sura za washukiwa wa mauaji, na kwa hesabu yake wazungu ndio waliokuwa wakisimamishwa kupita kiasi! Agosti 2013 Jaji Shira Scheindlin aliikataa hoja ya namna hiyo: kati ya waliosimamishwa, asilimia 88 waliachiwa bila kukamatwa wala kuitwa mahakamani. Unampimaje mpita njia asiye na kosa kwa kipimo cha wauaji? Kisa anafanana nao rangi?

Na hili hawalirushi kamwe: katika rekodi za polisi wenyewe, 2004 hadi 2012, silaha zilipatikana kwa asilimia 1.0 ya weusi waliosimamishwa na asilimia 1.4 ya wazungu. Maana yake polisi walihitaji sababu nzito zaidi kidogo kumsimamisha mzungu. Mweusi alihitaji tu kuwa anapita.

Ambaye bado anabisha, aweke hapa vifo kwa kila watu milioni, kwa kila rangi. Picha ya idadi tupu sitaijibu tena.