Wauza vitabu vya opsheni Lubumbashi, acheni kutuuzia kamari

Ndugu zangu wa Lubumbashi, hili jambo limezidi. Fotokopi inauzwa kwa dola, jalada limeandikwa OPSHENI kwa herufi kubwa, ukifungua ndani unakuta bineri: bashiri kama bei itapanda au itashuka ndani ya dakika moja. Hiyo si opsheni! Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuwauzia wateja wa kawaida bineri hizo Julai 2018, Uingereza ikafuata 2019. Huku kwetu inauzwa kama elimu, na wanaoliwa pesa ni wanafunzi.

Opsheni ni haki. Koli ni haki ya kununua, puti ni haki ya kuuza, kwa bei iliyowekwa, mpaka tarehe ya mwisho. Kwa hisa za Marekani mkataba mmoja kwa kawaida ni hisa 100. Basi kabla ya kutoa hata franka moja, tafuteni ukurasa wenye hesabu. Koli yenye bei iliyowekwa ya $50 na premiamu (pesa unayolipia haki hiyo) ya $2 kwa hisa inagharimu $200, na siku ya mwisho hisa lazima iwe imefika $52 ndipo pesa yako irudi. Kitabu kisichoonyesha hilo kiacheni hapo hapo mezani.

Vinavyoudhi kupita vyote ni vile vya "mapato ya kila wiki" kwa kuuza puti. Vinaonyesha $200 za premiamu zinazoingia kwa muuzaji, basi. Havisemi kwamba aliyeuza puti ya $50 anaweza kulazimishwa kununua hisa 100 kwa $5,000, hata kama hisa imeanguka hadi $30. Toa zile $200, hasara ni $1,800. Mwandishi anayeficha mstari huo anajua anachokificha.

Kipimo changu cha pili: sura ya volatiliti, yaani kiasi ambacho bei ya hisa inatarajiwa kuyumba; ikishuka, opsheni nayo inapungua thamani. Chukua hisa ya $50 usiku wa kuamkia kutangazwa kwa matokeo ya fedha ya kampuni, koli yenye bei iliyowekwa ya $50, zimebaki siku 14, volatiliti iliyomo ndani ya bei ni 80%. Koli hiyo ina thamani ya karibu $3.12. Kesho yake hisa inapanda hadi $51.50, lakini matokeo yameshajulikana, kwa hiyo volatiliti inashuka hadi 35%. Koli sasa ni karibu $2.22. Ulibashiri sawa, na bado umepoteza $90 kwa mkataba. Anayesoma kitabu kisichoeleza jambo hili atadhani broka amemwibia.

Halafu matoleo ya zamani. Nadharia ya 1973 ya Black na Scholes, ya kukokotoa bei ya opsheni, bado inafaa, sina ugomvi nayo. Ila kitabu chenye bei za 1/8 na 1/16 ni cha kabla ya 2001, na kinachosema mikataba ya mwezi inakufa Jumamosi ni cha kabla ya 2015; siku hizi ni Ijumaa ya tatu. Utaratibu wa namna hiyo ukiufuata leo utakuumiza. Na fotokopi zenyewe! Michoro ya faida na hasara imekuwa myeusi tupu, jedwali la delta (opsheni inasogea kiasi gani hisa ikisogea dola moja) limekatwa safu ya mwisho.

Sisi ni watu wa shaba, kwa hiyo wanatuuzia pia "opsheni za shaba" kwa hesabu ile ile ya kuzidisha kwa 100. Mkataba wa shaba wa COMEX, soko la metali la New York, ni paundi 25,000. Bei ikisogea senti 1 tu kwa paundi, hiyo ni $250. Mtu akiingia na hesabu ya hisa ataungua siku ya kwanza.

Anayeanza apakue Characteristics and Risks of Standardized Options, cha Options Clearing Corporation, shirika la Marekani linalodhamini mikataba ya opsheni. Ni bure. Ni Kiingereza kigumu, ndiyo, lakini hakuna anayekuuzia ndoto humo.

Nanyi wauzaji: andikeni mwaka wa toleo kwenye jalada, na mruhusu mtu afungue kitabu kabla ya kulipa. Mnaovifunga kwa plastiki, mnaficha nini?