Dakota ya 1/72 inatoka kijivu badala ya bati la ndege: naomba ushauri

Wete72
Assalaam alaykum, wakuu. Nina modeli ya plastiki ya ndege Dakota DC-3, ya 1/72 (ndogo mara 72 kuliko halisi). Nataka paa jeupe, kwengine kote alumini tupu. Bawa la kwanza lilipigwa praima ya kijivu, likasuguliwa kwa msasa namba 400, kisha rangi ya fedha ya kopo la kupuliza. Limetoka kijivu chenye chengachenga na mikwaruzo yote inaonekana. La pili lilianziwa na duko nyeusi jioni. Lilipokauka likaota ukungu mweupe. Vifaa: eabrashi (bomba dogo la kupulizia rangi) ya ncha ya milimita 0.3 na kompresa ndogo isiyo na tangi. Duko na thina za gari zinapatikana, rangi za modeli ni za kuagizia, chupa mbili tatu tu. Ninunue ipi, na nakosea wapi?

Bati_Tupu
Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Hayo ni makosa mbalimbali, tusiyachanganye.

Chengachenga ni chembe. Rangi ya fedha ya kopo imekusudiwa mageti na madirisha. Chembe ya alumini ya mikroni 20, ukiikuza mara 72, inakaribia milimita moja na nusu, na hakuna ndege yenye bati la changarawe ya ukubwa huo. Agizia rangi iliyosagwa laini. Kwa chupa mbili, chukua Alclad II, rangi ya modeli ya kuigia bati: moja Airframe Aluminium, moja Duralumin. Zinakuja tayari kupulizwa, usitie thina. Chupa ya mililita 30 inatosha ndege hii na itabaki.

Mikwaruzo ni uso. Rangi hizi ni nyembamba mno, hazifichi kitu; kila ulichokiacha chini zitakionesha mara mbili. Msasa namba 400 unaacha mifereji. Panda 800, 1000, 1500 hadi 2000, msasa wa maji wenye tone la sabuni, na kila namba ugeuze mwelekeo ili uone mikwaruzo ya namba iliyopita imekwisha kweli. Palipozibwa puti ndipo panapoumbua, kwa sababu puti inanywa rangi kuliko plastiki. Pitisha supaglu nyembamba juu yake, ikikauka sugua. Osha kwa sabuni ya vyombo, na kuanzia hapo ndege ishikwe kwa glavu: alama ya kidole inaonekana hata chini ya alumini.

Nyeusi ya chini ya alumini lazima ing'ae kama kioo. Mwanga unaopenya baina ya chembe ukigonga kijivu unarudi umetawanyika, ndio ule weupe uliokufa. Ukigonga nyeusi unamezwa, linabaki lile linaloakisiwa na chembe zenyewe. Duralumin inavumilia kijivu. Airframe Aluminium bila nyeusi ya kung'aa ni kupoteza pesa. Duko usilipige juu ya plastiki tupu, maana thina ya gari inaila polistairini, plastiki ya modeli hizi, na kuacha nyufa. Tanguliza praima, koti mbili nyepesi, na kila kitu kijaribiwe kwanza kwenye kijiko cha plastiki cha kutupa. Kisha iache nyeusi siku 2 kamili. Inuse: ukisikia thina, bado mbichi, na Alclad juu ya nyeusi mbichi hupasuka.

Upulizaji wenyewe: shinikizo la hewa psi 12 hadi 15, umbali wa sentimita 5 hadi 7, koti nyembamba kama moshi. Ya kwanza haitakuridhisha, usiongeze papo hapo. Piga tatu au nne, dakika chache kati yake, na usimame pale tu nyeusi inapotoweka. Ukizidisha, kina kinapotea na unarudi kwenye kijivu ulichokikimbia. Ukiwa mbali mno, chembe zinafika zimekauka na uso unakwaruza mkononi.

Kaskazi_Chake
Ukungu ule ni unyevu, duko halina kosa. Thina inayoruka haraka inaupooza uso, mvuke wa hewani unaganda juu yake kama jasho la chupa ya soda baridi, na maji yananaswa ndani ya rangi. Hapa visiwani jioni ndiyo saa mbaya kuliko zote: joto linashuka, unyevu unapanda. Puliza baina ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, siku isiyo na mvua. Wakati wa masika fanya kubandika na kusugua tu. Kusi, Julai na Agosti, ndio msimu wa kazi hii. Kipima unyevu ni kitu cha lazima. Kikipita asilimia 75, weka eabrashi chini.

Na kompresa yako inatema maji pia. Hewa inatoka imepata moto, inapoa ndani ya mpira, mvuke unageuka vitone. Funga kichujio cha maji karibu na eabrashi, si kwenye kompresa, kwa sababu hewa ikiwa bado moto maji yake yanapita kichujio kama mvuke. Kwa mashine isiyo na tangi, ipumzishe kila dakika 10.

Bawa la ukungu halijafa. Siku kavu, puliza juu yake koti moja nyepesi ya thina inayokauka taratibu. Ukiwauliza wapiga rangi wa magari wataijua. Duko litalegea na unyevu utatoka. Hii ni kwa nyeusi pekee. Ukungu ukiingia kwenye alumini, futa uanze upya.

Bi_Foili
Kaka, kabla hujaagizia chochote, fikiria karatasi ya alumini ya jikoni. Mbawa za Dakota zina mapande mapana yasiyopinda sana, zinaipokea vizuri, na hakuna rangi itakayoishinda alumini yenyewe. Paka gundi ya kubandikia karatasi za dhahabu upande usiong'aa, nyembamba kabisa, usubiri ibaki na unato tu. Kata pande moja moja, kubwa kidogo kuliko mahali pake, bandika, kandamiza kwa pamba ya masikio kuanzia katikati kwenda nje, kisha fuata mstari wa bati kwa wembe mpya. Wembe butu unachana badala ya kukata. Baadaye sugua kwa dawa ya meno kwa mwelekeo mmoja. Pande la jirani lielekeze kwengine, na mwanga utayatofautisha wenyewe.

Puani na kwenye makava ya injini itakunja. Huko rudi kwenye rangi.

Bati_Tupu
Nakubaliana na Bi_Foili kuhusu mng'aro, lakini rangi na foili kwenye ndege moja hazilingani kirahisi. Anayeanza achague njia moja.

Wete72
Ahsanteni sana, nimefahamu. Paa jeupe lipigwe kabla au baada ya alumini? Na juu ya alumini nipige klia, vanishi isiyo na rangi?

Bati_Tupu
Nyeupe kwanza. Nyeupe juu ya alumini inataka koti nyingi hadi ifunike, na tepu ikikaa juu ya alumini inaweza kuing'oa. Nyeupe ikikauka siku 2, ifunike kwa tepu ya kazi hizi, uipunguze unato kwa kuibandika na kuibandua nyuma ya mkono. Ukingo wa tepu upige ukungu mwepesi wa nyeupe ileile. Ikivuja, nyeupe inavuja juu ya nyeupe. Ndipo nyeusi, ndipo alumini. Tepu itolewe siku ileile ya kupiga alumini, kwa pembe kali, ikijikunjia yenyewe.

Klia usipige. Klia ya gari inaufuta mng'aro wote uliouhangaikia. Stika za maji zinashika vizuri juu ya uso laini kama huo, ila dawa ya kulainishia stika ijaribu kwenye kijiko kwanza, baadhi yake huacha doa.

Mbawa_Darajani
Jambo moja limesahauliwa. Kwenye Dakota halisi usukani wa mkia, eleveta (vibawa vya mkiani vinavyochezacheza) na aileroni (vya nchani mwa mbawa) ni kitambaa kilichopakwa rangi ya fedha; flapu, zinazoshushwa wakati wa kutua, ndizo za bati. Ukizing'arisha zote sawa, anayeijua ndege hii ataona mara moja. Hizo zipige Duralumin juu ya praima ya kijivu isiyong'aa, koti mbili.

Chupa hiyohiyo itumie kwa mapande machache ya bati, matano au sita kila bawa, zaidi nyuma ya injini. Yazungushie tepu, piga koti moja tu. Usiyapange kama draft. Dakota si ubao wa mchezo, tofauti ionekane pale tu ndege inapogeuzwa kwenye mwanga.