Tupeane uzoefu: Hadithi za dunia ikishaisha, ipi ilikuingia?

Wakuu, habari za muda huu. Leo tuziache kidogo sizoni za mapenzi. Nazungumzia zile muvi na vitabu ambamo vita, ugonjwa au ukame umeshapita na watu wamebaki wachache. Msimamo wangu: mabomu hayana utamu. Utamu ni kesho yake, mtu anapojiuliza maji atachota wapi.

Naanza na Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya 2009. Miaka 35 baada ya Vita ya Tatu ya Dunia, iliyopiganiwa maji, watu wamejifungia ndani kwa kuwa nje hakuna kinachoota. Umeme wanauzalisha kwa mashine za mazoezi. Mkojo na jasho havimwagwi, vinasafishwa vinywewe. Halafu Asha anachukua maji ya mgao wake anaimwagilia mbegu! Niliitazama na mama. Yeye ni wa Dar, maji ya kusuuzia nguo kwake hupiga deki kwanza, kisha ndiyo yaende chooni. Akaguna tu, "Huyo binti ana moyo."

Haya, tiririkeni.

Mdau wa Morogoro: Mkuu umenikumbusha kibanda umiza. Mad Max ya pili, ile ya 1981, watu wanauana kwa petroli. Kuna mahali jamaa anakula kitu kwenye kopo na mateka wake anammezea mate. DJ aliyetafsiri akasema ni maharage. Nimekuja kuirudia ukubwani, kumbe chakula cha mbwa! Tulivyokuwa tunayatamani yale maharage...

Mkulima, Njombe: Kinachonikera ni kwamba wote wanavunja maduka, hakuna anayelima. Makopo yakiisha? Bibi yangu mahindi ya mbegu anayatundika juu ya jiko, moshi unafukuza wadudu, na hakuna mtoto anayeruhusiwa kuyagusa hata njaa ikaze vipi. Wazungu nao wana dari lao: ghala la mbegu la Svalbard, Norway, lilifunguliwa 2008, limechimbiwa ndani ya mlima wenye barafu. Mbegu zilianza kutolewa 2015, kwa sababu vita vya Syria viliwafanya watafiti washindwe kuitumia benki yao ya mbegu karibu na Aleppo. Hiyo siyo muvi. Mtu akiandika hadithi ya aliyetumwa kuzifuata, nitanunua.

Mimi wa Mombasa: Samahanini, hizo hadithi zenu zinatusingizia wanadamu. Mei 2020 Mji wa Kale tulifungiwa kwa korona, hakuna kutoka wala kuingia, na ilikuwa Ramadhani. Kazi zimesimama, pesa hakuna. Lakini magharibi ikifika, sahani za futari zilipita mlango kwa mlango vilevile, kaimati chache kuliko mwaka uliopita, basi. Kwenye filamu, siku ya pili tu mtu ashamuua jirani kwa kopo.

Mleta mada: Dada, hapo serikali ilikuwepo na mlijua mtafunguliwa. Siku mfereji ukikauka kabisa je?

Mimi wa Mombasa: Kaka yangu, mfereji kwetu ulikauka zamani. Twanunua maji ya mkokoteni kwa mtungi, na muuzaji twamkopa.