Hawa jamaa wa gesti ya njia ya Bagamoyo wamemwandika mama mkwe wangu CHINI YA MBWA

Wakuu, habari za usiku. Jina lao sitaji kwa sababu mnawajua wote. Ni wale wale, wenye pomboo wa saruji aliyekatika mkia pale getini, taarabu mpaka saa nane za usiku na supu ambayo nyama inasimuliwa tu. Kama wewe hujalizwa nao, shemeji yako kalizwa.

Naandika nikiwa ndani ya gari, kioo nusu, mbu wananigawana kama shamba la urithi. Pembeni yangu yupo Simba, mbwa wangu, ambaye kwa mujibu wa kitabu cha wageni ni mteja mwenzangu.

Iko hivi. Watoto wamefunga shule, nikasema likizo hii mbwa hatumwachi kwa jirani. Nikajipanga kiraia kabisa. Chanjo ya kichaa cha mbwa anayo, kadi ina muhuri wa daktari wa mifugo. Kibali cha kumsafirisha nimekifuata kwa afisa mifugo (nyie mnaosafirisha mbwa kwenye buti bila karatasi mnajijua). Dawa ya kupe kapakwa. Asubuhi hakupewa chakula, asije akatutapikia kwenye siti. Bunju tumesimama anywe maji, Mapinga tumesimama akojoe. Ni kilomita 70 hivi, lakini kwa vituo tulivyosimama ungedhani tunaenda Mwanza. Kamba ipo, kifungo cha mdomo kipo, mifuko ya kuzolea kinyesi ipo mfukoni mpaka sasa hivi. Na nilipiga simu KABLA. Nikauliza, mnapokea mbwa? Nikajibiwa, "Bosi wewe mlete tu, hapa ni nyumbani." Na pesa ya kutanguliza nikatuma.

Tumefika. Yule kijana wa mapokezi anayevaa miwani ya jua usiku akafungua lile daftari lao kubwa: jina, kabila, kazi, atokako, aendako, sahihi. Akamtazama mbwa. "Huyu naye ni kichwa, lazima aandikwe." Nikacheka, nikajua utani. Jina? Nikasema Simba. Kabila? Mwanangu wa mwisho, kiherehere, akadakia, "Mjerumani!" maana ni chotara wa shepadi. Jamaa akaandika Mjerumani. Kazi? Mtoto yule yule, "Mlinzi!" Akaandika mlinzi. Halafu akanipiga bei ya mtalii kutoka nje. Mbwa kazaliwa Segerea!

Hilo ningelimeza. Subirini.

Anayefuata kwenye foleni ni mama mkwe. Mwalimu mstaafu, Mpare wa Same, mtu ambaye hata akinipigia simu nasimama. Kijana hakumuuliza kitu. Kaandika jina tu. Kwenye kabila akaweka vile vialama viwili vya "kama hapo juu". Kwenye kazi, vialama viwili. Atokako, viwili. Akageuza daftari, "Mama, weka sahihi."

Mama akavaa miwani. Akasoma KWA SAUTI, ile sauti ya darasani, kidole kwenye mstari. "Kabila, kama hapo juu. Kazi, kama hapo juu." Kidole kikapanda mstari wa juu. "Simba." Akavua miwani, akanigeukia.

"Baba Glory, mimi na huyu tunafanya kazi moja?"

Wakuu. Mapokezi pote kimya. Hata taarabu ilikatika, sijui umeme, sijui aibu.

Na bado mbwa akakataliwa chumbani! Kalipa bei ya Kijerumani, kaambiwa akalale nyuma kwenye jenereta, kwenye moshi. Nikamfunga Simba kwanza kwenye mwarobaini ili nikabishane vizuri, msimamizi akaja na hoja yake: "Mbwa ni mgeni, ila si mgeni wa ndani." Sasa wa ndani ni nani, mama mkwe? Wote si wamo kwenye mstari mmoja wa kazi?

Mama yupo chumbani, hajala, kazima simu. Mtu mzima, mwalimu, kafundisha watu mpaka wamekuwa wabunge, unamwekea dito chini ya mbwa?

Siti ya Dirishani: Nimewahi siti ya mbele. Leteni bisi.

Kisiki cha Mpingo: Wale wa pomboo? Kumbe bado wapo! Mimi waliniletea samaki hajaiva, nikamrudisha, baadaye namwona anakula jamaa wa meza ya tatu. Alama ya uma wangu ipo shavuni. Na bili nikaletewa.

Babu wa Kaole: Bushiri kanyongwa Pangani mwaka 1889 akipigana na hao hao Wajerumani. 1891 makao makuu yao wakayatoa Bagamoyo wakayahamishia Dar. Tukashukuru. Leo wewe unatoka Dar unaturudishia mmoja, tena kwa kamba. Alipe bei ya mtalii, na ushuru juu.

Mleta mada: Mzee wangu shikamoo, lakini hapa hatumzungumzii Bushiri. Namzungumzia mama mkwe. Kidole KILIPANDA mstari wa juu. Nilikiona kikipanda.

Mwananchi35: "Nikamfunga Simba kwenye mwarobaini." Kwani Simba kufungwa ni habari? Kafungwa magoli mangapi?

Msimbazi Damu: Angemwita Yanga asingefika hata Bunju, angekwama Tegeta analalamikia refa.

Mwananchi35: Simba mwenye kifungo cha mdomo. Sisemi kitu.

Mleta mada: Wakuu mpira kuna jukwaa lake!!

Mama Chapati Tabata: Mwanangu pole na mama yako, lakini na mimi nisikilizwe. Chumba hicho hicho kesho nakuja kulala mimi na wanangu. Sisi wa Shafi mate ya mbwa ni najisi kubwa, kinaoshwa mara saba na moja ya hizo kwa udongo. Nitajuaje nani alilala kwenye lile shuka? Watenge vyumba vyao, waseme waziwazi, kila mtu achague. Mbwa hana kosa. Shuka ndilo lenye maswali.

Mleta mada: Mama nakuelewa kabisa, na Simba nilikuja na mkeka wake na bakuli lake, kitanda chao hakijui. Lakini mama, wewe ungewekewa dito chini yake ungejisikiaje?

Mama Chapati Tabata: Ningelichana daftari.

Mleta mada: ASANTE.

Daktari wa Ng'ombe: Mimi nimpongeze mleta mada, kafuata utaratibu kuliko wengi. Kuna watu wanafika Kunduchi saa saba mchana, wanafunga vioo, mbwa ndani, wao wanaenda kuogelea. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama wewe, anapoa kwa kuhema. Gari likiwa juani dakika chache zinatosha kumuua. Chanjo ya kichaa ni ya kurudia, msidhani ya utotoni inatosha. Kwa mtoto wa mbwa inaanza akifikisha miezi 3. Na safarini akimng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu hospitali usiku huo huo. Msipake pilipili wala kitunguu. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hapo tunaongelea msiba.

Siti ya Dirishani: Dokta, huu ni uzi wa mama mkwe.

Daktari wa Ng'ombe: Najua. Namshauri na yeye asilale na njaa.

Mvuvi wa Kimbiji: Hongera kwa kamba, maana wenzako hawana. Kila wikiendi watu wa mjini wanavuka Kigamboni na mbwa wao, wanawaachia ufukweni wakimbie, video inapigwa, watoto wanacheka. Kasa anataga usiku, anafukia, mayai yanakaa kwenye mchanga siku kama 60. Mbwa wako anayefurahia likizo anafukua kiota kizima kabla hujamaliza soda.

Fundi Bomba: Usiwasingizie mbwa mayai ya kasa. Watu tunawajua.

Mvuvi wa Kimbiji: Wewe na watu wako mtajibu kwa Mungu. Mimi naongelea mbwa.

Mleta mada: Jamani. Kesho nilipanga kuwapeleka familia yote Saadani ili mama apoe. Nani ameshaenda?

Daktari wa Ng'ombe: Mbwa haingii hifadhi ya taifa. Hata awe Mjerumani mwenye pasi ya kusafiria. Wanyama wa kufugwa wanapeleka magonjwa kwa wa porini, na wao wanaletewa.

Kisiki cha Mpingo: Mwache pale pale na mlinzi mwenzake.

Mleta mada: Hii nimeiona na nimeinyamazia.

Fundi Bomba: Mimi swali langu ni moja. Kabila linaulizwa gesti la kazi gani? Nikilala kule Mbeya, nikikoroma, watakoroma kwa niaba ya Wazaramo?

Mama Chapati Tabata: Na "aendako". Mimi huwa naandika "kulala".

Siti ya Dirishani: Afadhali daftari. Mimi nimetoka stendi ya Magufuli mpaka Singida na mbuzi chini ya siti. Mbuzi hakuandikwa popote, hakulipa, na kala tiketi yangu. Konda akaniomba tiketi.

Msimbazi Damu: Ulimwonyesha mbuzi?

Siti ya Dirishani: Nilimwonyesha. Akasema niilipie upya kisha nidaiane na mwenye mbuzi. Mwenye mbuzi kashukia Dodoma.

Mleta mada: Wakuu, mlango umefunguka. Mama katoka na khanga kichwani na kalamu nyekundu. Anaelekea mapokezi. Analiulizia daftari.

Babu wa Kaole: Kisiki, yule samaki wako alikuwa nani? Changu au tasi?

Kisiki cha Mpingo: Changu mzee. Shilingi 35,000.

Babu wa Kaole: Elfu thelathini na tano kwa changu mmoja, tena aliyetumika!

Mvuvi wa Kimbiji: Mnapenda kuibiwa. Njoo Feri alfajiri.

Fundi Bomba: Feri gani ya siku hizi? Juzi nimenunua kolekole, nimefika Buguruni ndani ya mfuko yamebaki maji na jicho.

Mvuvi wa Kimbiji: Ulifika saa ngapi?

Fundi Bomba: Saa nne.

Mvuvi wa Kimbiji: Saa nne hujanunua samaki kaka. Umenunua barafu.