Tupeane uzoefu: tunaoambiwa "ongeza kinga" ilhali kinga yenyewe ndiyo inayotuumiza

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Naomba tukutane hapa sisi tunaomeza dawa za kupunguza kinga ya mwili, iwe ni kwa sababu ya lupasi (ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe), baridi yabisi, figo ya kupandikizwa au maradhi mengine ya jamii hiyo, kwa kuwa ushauri karibu wote tunaopewa mitaani unaelekea upande mmoja tu: ukiumwa mara kwa mara, kinga yako imeshuka, basi itafutiwe dawa ya kuipandisha. Kwetu sisi mambo ni kinyume. Kinga ile ile inayotambua vijidudu na kuviangamiza hukosea ikaziona tishu za mwili wenyewe kuwa ni adui, na mgonjwa wa namna hiyo huhitaji kinga itulizwe, si ichochewe.

Naanza mimi, ninayeishi na lupasi. Viungo vya vidole vilikuwa vikikakamaa kila asubuhi hata nikashindwa kufungua chupa ya chai, nywele zikakatika, na nikipita juani wekundu ulitanda mashavuni na juu ya pua. Nilitibiwa malaria, nikatibiwa taifodi, hali ikabaki ile ile mpaka daktari bingwa alipoagiza kipimo cha kingamwili zinazoshambulia viini vya seli, na mkojo nao ukaonyesha protini, maana yake figo zilikuwa zimeanza kuguswa. Tangu hapo natumia haidroksiklorokwini, ambayo ni ndugu wa klorokwini ile iliyoachwa kutumika kutibu malaria Tanzania mwaka 2001, pamoja na prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga, ninayoimeza asubuhi baada ya kula. Macho napimwa kila mwaka, kwa sababu dawa ile ya kwanza ikitumika miaka mingi inaweza kudhuru retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mama mkwe aliniletea unga wa mizizi wa kuongeza kinga, nami nikaupokea kwa heshima, kisha nikamwomba tuongozane kliniki ili amsikie daktari mwenyewe. Nawashauri wenzangu wafanye hivyo: maneno ya daktari yana uzito kwa wazee kuliko ubishi wetu nyumbani.

Kaka wa Dodoma, figo ya kupandikizwa

Dada, ahsante kwa kuanzisha jambo hili. Mimi nilipewa figo na mdogo wangu wa kike. Upandikizaji ulianza kufanyika hapa nchini Muhimbili mwezi Novemba 2017, na mwaka uliofuata ukaanza hapa kwetu Dodoma katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, kwa hiyo wapo wengi wanaodhani kwamba operesheni ikishafanikiwa kazi imekwisha. Haijaisha. Chembe nyeupe za damu zinaitambua figo hiyo kuwa ni ya mtu mwingine hata kama ametoka tumbo moja na wewe, na zitaishambulia siku yoyote zikipata nafasi. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa kwa muda mrefu, ule wa Boston mwaka 1954, uliwezekana kwa kuwa aliyetoa na aliyepokea walikuwa mapacha wa kufanana, na kinga haikuona tofauti. Sisi wengine tunaitegemea takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, na wenzake maisha yote ya figo hiyo.

Siku ya kliniki nafika bila kumeza dozi ya asubuhi, natolewa damu kwanza ili kiwango cha dawa kipimwe, ndipo nameza. Kiwango kikiwa chini, mwili unaikataa figo. Kikizidi, dawa yenyewe inaidhuru. Balungi nimeliacha kabisa, kwa kuwa linapandisha kiwango hicho. Jambo ambalo ningependa kila mmoja alishike ni kwamba figo inaweza kukataliwa bila maumivu yoyote, na dalili ya kwanza ikawa ni kreatinini, yaani taka ya damu inayochujwa na figo, kupanda kwenye karatasi ya majibu. Mwenzangu mmoja wa kliniki alijiona mzima, gharama zikamlemea, akapunguza vidonge kimyakimya. Leo amerudi kwenye mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki.

Mama wa Morogoro

Mgonjwa wangu ni mtoto. Aliamka macho yamevimba, majirani wakasema ni mzio, lakini mkojo wake ulikuwa na povu lisilokatika, na vipimo vikaonyesha figo zinavujisha protini. Alianzishiwa prednisoloni, uvimbe ukaisha, ila njaa ikawa kali na uso ukajaa, hata bibi yake akafurahi kwamba mtoto amenenepa na kutaka dawa isimamishwe. Ilibidi nimweleze kwamba mwili uliozoeshwa dawa hiyo kwa muda mrefu huacha kutengeneza homoni yake wenyewe, na ukikatishiwa ghafla presha inaweza kushuka mtoto akazimia. Dozi hupunguzwa polepole kwa maelekezo ya daktari. Nimejifunza pia kutongoja joto lipande, kwa sababu dawa hii inaweza kuficha homa. Akinyong'onyea tu na kukataa kucheza, tunakwenda hospitali.

Dada wa Mombasa, baridi yabisi

Nasema moja tu, kwa wanaotumia methotreksati, nayo ni dawa ya kutuliza kinga: kwa ugonjwa wetu humezwa mara moja kwa WIKI. Duka moja la dawa liliniandikia kila siku kwenye bahasha, na kama nisingekuwa nimeelezwa na daktari ningedhurika vibaya, kwani ikimezwa kila siku inaangusha chembe za damu na inaweza kuua. Mimi nimechagua Ijumaa, na asidi ya foliki, ambayo ni vitamini, naimeza siku nyingine. Wanaotarajia kubeba mimba wazungumze na daktari mapema, kwa sababu inadhuru mtoto tumboni.

Kaka wa Mwanza

Shikamooni wakubwa. Kabla sijaongezewa dawa nilichunguzwa kama nina kifua kikuu kilicholala, yaani vijidudu vilivyomo mwilini bila kuleta dalili, kwani kinga ikipunguzwa kinaweza kuamka. Swali langu: nina safari ya Kampala, na nasikia mpakani huulizwa cheti cha homa ya manjano. Je, nichanjwe?

Jibu langu kwa kaka wa Mwanza

Marahaba. Usichanjwe kabla ya kuonana na daktari wako. Chanjo ya homa ya manjano, kama ile ya surua, ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na kinga iliyopunguzwa inaweza kushindwa kuvidhibiti. Kwa kawaida daktari huandika cheti cha msamaha kinachoeleza sababu za kiafya. Chanjo zisizo na vijidudu hai, kama ya homa ya ini aina ya B, hazina hatari hiyo, na mara nyingi tunahimizwa tuzipate, ikiwezekana kabla ya kuanza dawa. Aliyewahi kuvuka mpaka kwa cheti cha msamaha atueleze alivyopokelewa.