Gumzo la ukoo: mtu wa mechi 2,632

Salma: Shikamoo mjomba. Hiyo sanamu uliyotutumia ni ya nani?

Mjomba Hamisi (Baltimore): Marahaba mwanangu. Huyo ni Cal Ripken wa Orioles, timu ya besiboli ya hapa mjini. Mechi 2,632 mfululizo hakukosa hata moja! Mei 1982 hadi Septemba 1998.

Juma: Miaka 16? Hakuwahi kuumia?

Mjomba Hamisi: Aliumia sana. 1993 ulizuka ugomvi uwanjani na timu ya Seattle, goti likateguka. Kesho yake asubuhi mguu haukanyagiki. Jioni kaingia.

Juma: Si wangempumzisha siku moja tu

Mjomba Hamisi: Ligi yao ni mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku. Hakutaka. Septemba 6, 1995 alipoipita rekodi ya Lou Gehrig, mechi 2,130, mchezo ulisimama dakika 22. Watu wanapiga makofi tu, yeye anazunguka uwanja akiwashika mikono. Rais Clinton alikuwepo.

Mamkubwa Mwanaidi: Mimi kama nesi siungi mkono kucheza na goti bovu. Na huyo Gehrig naye si ndiye aliyepata ule ugonjwa wa kulegea misuli?

Mjomba Hamisi: Ndiye, dada. Alijitoa mwenyewe kikosini 1939, nguvu zimemwisha bila kujua kwa nini. 1941 akafariki, miaka 37 tu 😢

Salma: Masikini.

Mjomba Hamisi: Na yupo Mjapani, Sachio Kinugasa wa Hiroshima, mechi 2,215. 1979 mpira ulimvunja mfupa wa bega. Kesho yake akaingia kupiga! Akazungusha gongo mara 3 kwa nguvu zote, zote hewani bila kugusa mpira, akatoka. Ripken alipompita 1996, Kinugasa alisafiri hadi Kansas City kumshuhudia.

Juma: Huyo wa bega ndiye mwamba wangu 🙌

Mamkubwa Mwanaidi: Juma usije ukamuiga. Mfupa uliovunjika unataka utulivu. Hamisi, na Ripken alikomeshwa na nini? Maumivu?

Mjomba Hamisi: Hapana dada. Alikuwa mzima. Septemba 20, 1998, muda mfupi kabla ya mechi na Yankees, alimwendea kocha akamwambia leo sichezi. Wapinzani walipogundua wakatoka kwenye benchi lao, wakasimama kumpigia makofi.

Mamkubwa Mwanaidi: Ah, hapo nimemkubali. Tuma picha nyingine ya hiyo sanamu, hii imekatika miguu.