Mtoto haongei, anang'ata wenzake: tunalaumu lugha mbili bure?

Mleta mada:
Wakuu habari za jioni. Kila nikienda kumchukua wangu chekechea nakuta watoto wa miaka 3 hivi hawajui kuomba kitu, akitaka gari la mwenzie anasukuma, akinyimwa anang'ata, na sisi wazazi pale getini lawama zote tunatupia lugha, eti Kiswahili na Kiingereza vinamchanganya ndo maana kachelewa kuongea na kawa mkorofi. Mi sikubali. Watoto wa Moshi wangapi wamekua na Kichaga cha bibi na Kiswahili cha mtaani wakaongea vizuri tu? Wataalamu nao wanasema lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, na akizichanganya kwenye sentensi moja ni kawaida, hata sisi wazima tunachanganya.

Shida iko kwingine. Mzazi kaamua nyumbani ni Kiingereza tu, sawa, lakini Kiingereza chenyewe alichonacho ni cha amri: kaa chini, njoo hapa, usiguse, kula. Hadithi hawezi, utani hawezi, kumuuliza mtoto kwa nini umemsukuma mwenzio hawezi, anaishia kufoka. Dada wa kazi naye kakatazwa Kiswahili basi kanyamaza zake, dogo anapewa simu. Sasa maneno ya kusema nimekasirika, niachie, zamu yangu, atayatoa wapi? Meno anayo, anayatumia.

Na msiniambie katuni za YouTube zinafundisha. 2003 huko Marekani Patricia Kuhl, mtafiti wa jinsi watoto wanavyojifunza lugha, na wenzake walitoa utafiti, vichanga wa miezi 9 waliokaa na mtu akawasomea na kucheza nao kwa Kichina walishika sauti za lugha ile, waliowekewa mambo hayohayo kwenye TV hawakushika kitu. TV haikujibu ukiiongelesha.

Mchangiaji wa pili:
Mkuu unaongea kama mtu asiyelipa ada. Wangu kafanyiwa intavyuu kwa Kiingereza na hata miaka 4 hajafika, halafu sekondari masomo karibu yote ni Kiingereza, huko utani wako utamsaidia nini?

Mchangiaji wa tatu:
Jamani sio kila anayechelewa ni simu au Kiingereza. Miaka 2 imefika haungi hata maneno mawili, mpelekeni akapimwe masikio kwanza, kuna maji yanakaa ndani ya sikio wala hayaumi, mzazi hujui. Na ukimwita jina hageuki, haoneshi kitu kwa kidole, usikae kusubiri eti wavulana huchelewa.

Mleta mada:
Wa tatu, hilo la masikio watu walisome mara mbili. Wa pili, intavyuu zipo na mi zinaniudhi, mtoto wa miaka 3 unamsaili nini? Ila anayejua kusimulia kwa Kiswahili ataongezea Kiingereza juu yake, asiye na lugha yoyote ya kusimulia anaongezea juu ya nini? Halafu niambie ukweli, siku dogo akikuuliza kwa Kiingereza babu kafa kaenda wapi, utamjibu au utamwambia sit down?